Mdomo wa Redio na Farasi Asiyeona

Mgeni yule alikosea mara mbili kabla hajafungua kinywa. Kwanza aliegesha lori lake palepale mbele ya meza ya kahawa, akaukata upepo wote. Pili alishuka, akapiga miayo, akaenda moja kwa moja kwenye benchi na kuketi mahali pa Hakimu.

Hapakuwa na kibao hapo. Lakini kila aliyewahi kunywa kahawa nje ya lango la kituo cha farasi alijua kwamba ile ncha ya benchi, jirani na birika, ni ya Hakimu, tarishi mstaafu aliyebeba mafaili ya mahakama miaka mingi hadi akaamini kwamba hukumu zote zilizomo alizitoa yeye. Alikuwa ameinuka tu kunyoosha magoti. Aliporudi akasimama, akamtazama mgeni kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani mwake.

"Kijana, hapo pana mtu."

"Mbona simwoni, mzee?"

"Ndiye anayesema nawe."

Tairi, fundi wa pancha, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akasogea, si kumpa mgeni nafasi, bali kuiziba ile iliyobaki. Mgeni akajaribu upande wa pili, akakuta Tairi amekwisha kuweka kofia yake huko. Mwishowe akaegemea mlango wa lori na kikombe mkononi, kama mkwe aliyefika bila taarifa.

"Karibu sana," akasema Bi Birika, mwenye kahawa. "Hapa tunapenda wageni. Hasa wakiwa wanaondoka."

Redio alisikia yote kutoka kwenye kibanda chake kilichopakana na benchi. Alikuwa fundi wa matandiko. Alishona viti vya farasi, hatamu na mikanda. Lakini jina hakulipata kwa kazi ya mikono. Alilipata kwa kazi ya mdomo, uliofanya zamu mbili kila siku bila kuomba likizo. Wanawe walikuwa wamehama, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na maneno ambayo mtu huyagawa nyumbani, hili la chumvi, lile la paa linalovuja, Redio aliyaleta yote benchini. Hilo hakuwahi kulisema, wala hakuna aliyemuuliza. Walimwambia tu apunguze sauti.

"Umetuletea farasi gani, mdogo wangu?" akauliza, akivuta uzi. "Maana lori la farasi nalijua hata likipita gizani. Kuna mwaka mmoja lilikuja moja hapa, dereva wake alikuwa na jicho..."

"Redio, mwache ajibu," akasema Tairi. "Ndiyo mtindo wako huo. Unauliza swali, unalijibu mwenyewe, halafu unalipinga."

"Sijaleta," akasema mgeni. "Nimekuja kuchukua. Karani. Ameuzwa."

Benchi zima likageuza shingo.

Nyuma ya benchi, ng'ambo ya ua wa mbao, ulikuwepo uwanja wa chini wa malisho. Kila siku walitolewa humo farasi wawili: Karani, dume lililohasiwa, kavu na lenye mwendo wa mtu anayechelewa ofisini, na Shangazi, jike mzee ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yamegeuka meupe kama maziwa. Karani alitembea mbele hatua nusu. Shangazi alifuata, pua yake ubavuni mwa mwenzake. Karani alipopinda, naye alipinda. Karani aliposimama, naye alisimama. Wageni walidhani ni mapenzi.

"Sasa Shangazi je?" akauliza Redio.

"Shangazi ndiye nani?"

"Yule pale. Haoni."

Mgeni akachungulia juu ya ua. "Huyo hayumo kwenye safari yangu," akasema, kisha akaona aibu, akanywa kahawa iliyomuunguza.

"Jamani msilie," akasema Tairi. "Farasi ni farasi. Akiondoka huyu ataletewa mwingine. Kwani nyasi zimeandikwa jina la mtu?"

"Hamfuati kwa mapenzi, Tairi. Anamfuata kwa kuwa ndiye macho yake," akasema Redio.

"Basi anunuliwe miwani."

"Huna huruma, wewe."

"Huruma ninayo, ila naitunza kwa binadamu. Mke wangu alipokwenda kwao akakaa msimu mzima, nani aliitwa kuja kuniliwaza?"

"Tuliitwa sisi," akasema Bi Birika. "Tukakukuta umenenepa."

Hakimu, aliyekwisha kukirudia kiti chake, akagonga kikombe kwenye ubao. "Mahakama hii inaona kwamba mwenye mali ana haki ya mali yake. Karani aende. Shangazi afarijiwe. Kesi imefungwa."

"Kafungue lango mwenyewe, basi," ikasema sauti langoni.

Alikuwa Mama Zamu. Wenye farasi walilipia zizi, nyasi na daktari, lakini amani ya malishoni haikununuliwa. Ilitoka kichwani mwa mama huyu. Ndiye aliyepanga nani atoke na nani, nani asikutanishwe na nani, nani atangulie langoni ili mwingine asijisikie kudharauliwa. Alikuwa amempokea Shangazi kwa mikono yake siku jike hilo lilipozaliwa, na tangu macho yale yaanze kufifia alikuwa amekataa kila ushauri wenye neno "kumpumzisha".

Akamwendea dereva. "Mwanangu, niachie Karani siku chache tu. Nimtafutie mwenzake mwingine, wazoeane kwanza akiwepo huyu. Mtu hubadilishiwa fimbo mkononi, hanyang'anywi akiwa katikati ya ngazi."

"Mama, kama ni mimi ningekuachia hata lori. Lakini mimi ni wa kubeba tu. Nikirudi bila farasi, kesho ataendesha mwingine."

Mama Zamu akamtazama, akaona hadanganyi, akaenda kumleta Karani mwenyewe.

Lilipoondoka lori, Shangazi aliinua kichwa na kuita. Akaita tena. Kisha akaanza kwenda mbio, mbio za mviringo, masikio yakizunguka kama yanatafuta kitu kilichoanguka. Ilibidi Mama Zamu amwendee taratibu akimsemesha, amtie kamba, amrudishe zizini. Huko akakataa nyasi, akasimama akiyumba mbele na nyuma mbele ya hori.

Mwenye kituo alifika siku hiyohiyo. Alikuwa mtu wa viatu visivyojua tope.

"Zizini hali, nje hawezi peke yake," akasema, mbele ya benchi zima. "Na mimi sina uwanja wa kufugia huzuni. Mama, mtafutie mwenzake. Jumamosi jioni nikija, niwaone wote wawili wanaingia langoni wametulia. Isipokuwa hivyo, Jumapili nitaita lile lori jingine."

Hakuna aliyeuliza lori gani. Farasi waliopanda lile hawakuwahi kurudi.

*

Mwenzake mpya aliitwa Gunia. Alikuwa farasi mfupi, mnene, wa kubebea watoto wanaoanza kujifunza. Mwenye subira ya nguzo na hamu ya kula ya kikosi kizima. Mama Zamu hakumwingiza moja kwa moja. Alimweka uwanja wa jirani, ua ukiwa katikati, akamshika Shangazi kwa kamba, akawaacha wanuse pumzi.

Benchi halikuwa na kazi nyingine.

"Uchumba umeanza," akatangaza Tairi. "Bibi harusi mrefu, bwana harusi kama mto wa kulalia."

"Amemng'ata!" akasema Redio.

"Hajamng'ata, amemsalimu," akasema Bi Birika. "Wewe hujawahi kusalimiwa na mwanamke ukajua."

"Shangazi amepiga teke!"

"Hilo ni jibu la posa," akasema Hakimu. "Mahakama inalipokea."

Mama Zamu akageuka. "Chekeni. Wanyama hawa siku ya kwanza wanapigana mateke, ya pili wanatazamana, ya tatu wanakula pamoja. Nyinyi yule dereva mlimfanyaje? Mzee mzima alimfukuza kitini, na mwingine akaweka kofia ili asiketi. Afadhali Gunia. Hana kofia."

Tairi akaivua kofia yake, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Na hizo nyasi?" akauliza Redio, akionyesha kwa sindano. "Farasi ni wawili, mbona unatayarisha mafungu matatu?"

"Mafungu lazima yazidi midomo. Anayefukuzwa kwenye moja awe na pa kwenda bila kugombana."

"Hilo lingefaa nyumbani kwangu," akasema Tairi kwa masikitiko. "Kwangu fungu ni moja, na limekaliwa."

Jumatano Mama Zamu akaona wako tayari kuachwa pamoja uwanja wa chini, bila ua katikati. Akaja benchini kwanza, mikono kiunoni.

"Nawaombeni jambo moja. Shangazi leo atakuwa na wasiwasi. Kelele zenu zitamchanganya. Nyamazeni. Mpaka nitakapowaambia."

"Hata Redio?" akauliza Bi Birika.

"Hasa Redio."

Hakimu akainuka. "Inaamriwa," akasema kwa fahari, maana hakuwa amewahi kuamriwa kuamuru, "kimya kamili. Atakayekohoa atalipia raundi ya kahawa."

Hapakuwahi kutokea kimya cha namna ile pale. Tairi alivimba kama mpira uliopigwa upepo kupita kiasi. Bi Birika alimimina kahawa kwenye kuta za kikombe ili isitoe sauti. Redio aliuma ukingo wa shati lake na kushona mkanda mmoja mara mbili. Walijiona wema sana. Kila mmoja alitazama wenzake kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba atasifiwa.

Gunia aliingia, akaenda kwenye fungu la karibu, akaanza kula. Shangazi aliachiwa kamba. Akatembea. Akasimama, masikio yakaelekea upande wa benchi. Akangoja. Akasogea kidogo, akangoja tena, shingo imenyooka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu na haitikiwi. Redio aliona anakuja, akadhani atasimama, maana sikuzote alisimama. Shati likiwa mdomoni, hakusema kitu.

Shangazi akaugonga ua kwa kifua chake chote. Ubao ukapasuka. Kelele aliyoitoa ilimfanya Bi Birika adondoshe birika.

*

Jeraha halikuwa la kutisha. Daktari wa mifugo akalishona, akasema asiachiwe malishoni mpaka Jumamosi. Kutembezwa kwa kamba, sawa. Mwenye kituo akasema Jumamosi ni Jumamosi.  Mama Zamu aliketi kwenye benchi, mahali pa Hakimu, na Hakimu akamwacha.

"Ni kosa la Gunia," akasema Tairi. "Amekuja kula, hakuja kuongoza. Ndoa ngapi zimekufa hivyo?"

"Ni ubao," akasema Hakimu. "Ubao ule umeoza. Naushitaki ubao."

"Ni mimi," akasema Mama Zamu. "Nimemharakisha."

"Lakini mbona hajawahi kugonga hapo?" akasema Redio. "Siku zote anakuja mpaka hapa nyuma yetu, na anasimama. Hata Karani akiwa mbali kule anakunywa maji, huyu huja peke yake mpaka hapa, na husimama."

Bi Birika alikuwa akikwangua masizi ya birika lililobonyea. "Husimama, ndiyo. Redio akianza uongo wake kuhusu timu yake, farasi yule huja, akasikiliza kidogo, akageuka akaenda zake. Mimi nilidhani amechoka kusikia, kama sisi."

Tairi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mama Zamu akainua kichwa polepole.

"Sema tena," akasema.

"Nasema huja, akasikiliza..."

"Redio," akasema Mama Zamu, "ongea."

"Niongee nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukosa la kusema, na benchi lote likaapa kutolisahau. Tairi ndiye aliyemwokoa, akamwambia kwamba timu ya reli, timu ya Redio, haina golikipa bali ina nguo iliyoanikwa golini. Redio akawaka. Alimjibu kwa nasaba ya golikipa, vimo vya mabeki na dhambi za waamuzi. Mama Zamu alimtoa Shangazi, akamtembeza kwa kamba iliyolegea akimwacha aende apendako. Jike lile lilikuja na jeraha lake jipya, masikio mbele. Lilipokaribia ua likapunguza mwendo, likasimama umbali wa mkono, likapumua juu ya vichwa vyao. Kisha likapinda kulia, likaufuata ua, na kwenda zake.

"Mama yangu!" akasema Bi Birika.

"Sisi ndio tulikuwa ukuta wake," akasema Mama Zamu, "na mimi nikaja kuuvunja kwa adabu."

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema Hakimu, akimtazama Redio kwa heshima mpya iliyomuuma kuitoa. "Kumbe kuna anayelisikiliza."

Kwa kuwa hakuna jambo jema linaloachwa hivi hivi benchini, kesho yake Tairi alileta maarifa. Kwa nini mtu ajichoshe? Iwekwe redio ya betri juu ya benchi, izungumze yenyewe. Wakaijaribu, Shangazi akiwa kwenye kamba. Taarifa ya habari aliipita kana kwamba haipo. Muziki ulimfanya asite. Kisha likaja tangazo la sabuni lenye honi na mtoto anayepiga kelele, Shangazi akarudi nyuma kwa miguu miwili, akamburuta Mama Zamu kwenye tope.

"Hapendi sabuni," akasema Tairi.

"Hapendi mgeni," akasema Mama Zamu, akijifuta. "Anataka sauti anayoijua, inayotoka mahali pamoja. Gunia atamfundisha njia, lakini mpaka amzoee Gunia, lazima ajue ua uko wapi. Jumamosi asubuhi uwanja una wanafunzi wa kupanda. Nitawatoa Shangazi na Gunia alasiri, wanafunzi wakishaondoka. Redio, utanisaidia?"

"Swali gani hilo? Nimepigwa marufuku kuongea maisha yangu yote, leo naombwa. Nitaongea mpaka wawili hawa waingie langoni pamoja. Nakuahidi."

Tairi akaweka kikombe chini kwa uangalifu. "Jumamosi alasiri, kaka?"

"Jumamosi alasiri."

"Ile Jumamosi?"

Redio akajipiga paji la uso.

Jumamosi alasiri ilikuwa fainali, timu ya reli dhidi ya timu ya posta, ya Redio dhidi ya ya Tairi. Ukumbi wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umefunga skrini kubwa kama ukuta. Mara ya mwisho timu ya reli kufika fainali, Redio alikuwa na nywele.

"Kama huwezi, sema sasa," akasema Mama Zamu. "Sitakulaumu."

Redio akamtazama Tairi, ambaye macho yake yalikuwa yakimeta kwa furaha isiyo na haya. Akatazama ule ubao mpya kwenye ua, mweupe kati ya mbao kuukuu.

"Nimekwisha kuahidi, mama. Mpira watacheza wao. Mimi sikuwa kwenye kikosi."

*

Jumamosi hiyo benchi lilihama. Bi Birika alibeba birika lake lililobonyea hadi mlango wa ukumbi, kuliko na wateja. Hakimu alivaa koti. Tairi alipita na bendera ya posta shingoni, akasimama mbele ya kibanda.

"Nitakusimulia, usijali."

"Ondoka."

"Kila bao. Taratibu."

"Ondoka, Tairi, kabla sijakushona mdomo."

Mama Zamu akamtoa Gunia kwanza, kisha Shangazi. Mafungu ya nyasi yakiwa matatu. Kamba ikafunguliwa. Redio akakaa katikati ya benchi tupu, mgongo kwenye barabara, uso kwenye ua, akaanza.

Alianza na yale aliyoyazoea: bei ya ngozi, wateja wanaoleta mkanda uliooza na kutaka uwe mpya, jirani anayekata miti ya watu. Shangazi akainua masikio. Akatembea, akasimama umbali wa mkono kutoka ubao mpya, akapinda. Ng'ambo ya barabara umati ukanguruma. Redio alishika ukingo wa benchi, lakini mdomo haukusimama. "Hiyo ni faulo," akamwambia Shangazi. "Sijaiona, lakini naijua timu ya posta. Ni faulo."

Kuongea na watu ni rahisi. Wanakukatiza, unapata pumzi. Kuongea na farasi asiyebisha ni kazi ya punda. Alimaliza waamuzi. Alimaliza majirani. Gunia alikula fungu la kwanza, akahamia la pili. Shangazi alimkaribia, akafukuzwa, akaenda kwenye la tatu, na hakuna aliyeumia. Ukumbi ukalipuka kwa kelele, na Redio hakujua ni furaha ya nani. Akaongeza sauti. Alipokosa cha kusema akajikuta anamsimulia Shangazi habari za mkewe, alivyokuwa akimwambia "punguza sauti, majirani wamelala", na alivyokuwa, Redio akikaa kimya kweli, akiuliza kutoka jikoni, "Upo?"

"Nipo," akasema Redio kwa ua. "Nipo hapa. Njoo mpaka hapa, usipite."

Shangazi akaja mpaka hapo, asipite.

Jua lilipoanza kulala, sauti ya Redio ilikuwa imekwaruzika kama bawaba ya mlango wa zizi. Gunia, tumbo likiwa limejaa, aliamua kwenda kunywa maji. Akapita karibu na Shangazi. Jike likanyoosha shingo, likagusa mgongo ule mnene, likaondoa pua, likarudisha. Gunia hakusimama wala hakukimbia. Shangazi akaenda naye, pua mgongoni.

Mama Zamu, katikati ya uwanja, alifunika mdomo kwa khanga.

Ndipo Hakimu alipotokea mlangoni mwa ukumbi, koti limepinda, amesahau cheo chake chote. "Redio! Penalti! Sare, wanapiga penalti! Njoo, imebaki ya mwisho! Ni ya reli!"

Ilikuwa kuvuka barabara moja tu. Redio akasimama. Mama Zamu akamwona, akamfanyia ishara kwa kichwa: nenda, pengine inatosha. Lakini wale wawili walikuwa bado wako kwenye maji, upande wa mbali, na njia ya kurudi langoni ilipita kando ya ua, kando ya ubao mpya. Pengine ilitosha. Redio akaketi tena.

Hakuwa na neno lililobaki. Alikwisha kuyatumia yote. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa: akaanza kuisifu timu ya posta. Alimsifu golikipa wao kwamba ana mikono. Alimsifu kocha wao kwamba ana akili. Alisema, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa pumzi tu yenye mikwaruzo, kwamba bendera yao ina rangi nzuri. Kelele kubwa kuliko zote ikapasuka ng'ambo ya barabara, ikatikisa mabati ya kibanda. Shangazi akashtuka, akainua kichwa, masikio yakatafuta.

"Na mabeki wao," akasema Redio, "ni watu wazima wenye familia..."

Masikio yakampata. Shangazi akashusha kichwa, akaiweka pua mgongoni mwa Gunia, na wote wawili wakaja kando ya ua, wakampita Redio umbali wa mkono, wakaingia langoni. Mwenye kituo alikuwa amesimama hapo na viatu vyake visafi. Akatazama, akakosa la kukosoa, akasogea kuwapisha.

Mama Zamu akafunga lango. Redio akafunga mdomo.

Watu walitoka ukumbini wakisukumana, wengine wanaimba, wengine wameshika vichwa. Kwa mbali hazikujulikana rangi. Tairi alivuka barabara bila haraka. Uso wake haukusema chochote. Alikuwa ameufunga kama duka. Redio akamkimbilia, akamshika mabega, akafungua kinywa kuuliza nani kashinda.

Haikutoka sauti. Akajaribu tena. Ikatoka hewa.

Tairi akamtazama. Akamwelewa. Akamketisha kwenye benchi, mahali pa Hakimu hasa, akamwita Bi Birika alete vikombe viwili, akakunja suruali magotini na kujikohoza.

"Tulia, kaka," akasema. "Usinikatize. Kwanza kabisa, wachezaji kabla hawajaingia, kulikuwa na mambo ya wimbo..."